Orodha za Magazeti na Heshima za Watu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kusitiri aibu za waja Wake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Katika darasa letu limeulizwa suala ambalo twaona yafaa lijibiwe kwa maandishi, kwani waliouliza si mmoja wala wawili. Suala ni hili: Magazeti ya Ulaya na Marekani yana desturi ya kutoa orodha za watu wenye nguvu na athari miongoni mwa mashoga na wasagaji na waliogeuza jinsia, yakawasifu na kuwatukuza, na habari zao hutufikia katika simu zetu hata kabla ya kahawa ya asubuhi. Je, Mwislamu aseme nini juu ya mambo hayo, naye afanye nini?

Kwanza yataka tuyafahamu mambo yenyewe yalivyo, kwani wengi wa wanaopiga kelele vibarazani hawajui wanapigia kelele nini. Huko Uingereza gazeti la Independent on Sunday lilianza mwaka 2000 kutoa orodha kama hiyo kila mwaka, likaiita Pink List. Mwaka 2014 likaibadili jina, na mwaka 2016 gazeti lenyewe likaacha kuchapishwa. Huko Marekani jarida liitwalo Out lilianza mwaka 2007 kutoa orodha ya watu 50 wenye nguvu. Jarida la Time halikuwa la watu hao peke yao, lakini mwaka 1997 lilimweka mchekeshaji Ellen DeGeneres katika jalada lake alipojitangaza, na mwaka 2014 likamweka Laverne Cox, mwigizaji aliyezaliwa mwanamume naye aishi kama mwanamke. Mwaka huohuo wa 2014 Time likamtia katika orodha yake ya watu 100 wenye athari duniani Mkenya mwenzetu, mzaliwa wa Nakuru, mwandishi Binyavanga Wainaina, ambaye Januari ya mwaka huo alikuwa amejitangaza kwa kalamu yake mwenyewe. Basi jambo hili si la ng'ambo tu, limekwisha ingia nyumbani.

Hukumu ya tendo lenyewe hatukukusudia kuirefusha hapa. Wanavyuoni wa madhehebu zote nne wameliharamisha, na dalili zao zimo katika vitabu vya fikihi, na mtoto wa chuoni azijua. Hatukuandika haya ili kuigeuza hukumu hiyo. Tulilotaka kuliandika ni lile ambalo mtoto wa chuoni halijui, na wazee wake wengi wamelisahau, nalo ni haki ya mtu juu ya ulimi wako na juu ya mkono wako, awe ni mwema au mwenye dhambi.

Tuanze na sifa. Yuko mtu asemaye: Mimi nikisikia mtu wa namna hiyo asifiwa, humkanushia kila kitu, husema hana elimu, hana kazi, hana lolote. Huu si msimamo wa dini, ndugu yangu, huu ni uongo. Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida amewaamrisha waumini wawe mashahidi wa uadilifu, akawakataza chuki ya kuwachukia watu isiwapeleke kwenye dhuluma. Aya haikusema uwe mwadilifu kwa umpendaye tu. Chukua mfano wa Alan Turing, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa hesabu. Wakati wa vita vya pili vya dunia alifanya kazi pahali paitwapo Bletchley Park katika kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani, na fikira zake ni katika misingi iliyojengewa mashine hizi za kompyuta ambazo leo hata mwenye duka la nguo hapa mjini huwekea hesabu zake. Mwaka 1952 Waingereza walimshitaki kwa kosa la kuingiliana na mwanamume mwenziwe, wakamlazimisha achague baina ya jela na dawa za kumvunja matamanio. Akachagua dawa, na mwaka 1954 akafa, naye ana miaka 41. Kisha mwaka 2013 Malkia akamsamehe, maiti wa miaka 59! Na mwaka 2021 ikatolewa noti ya pauni 50 yenye sura yake.

Mwislamu aweza kusema: elimu ya mtu huyu ilikuwa kubwa, na kazi yake imewafaa watu. Kusema hivyo si kuhalalisha alichokiharamisha Mwenyezi Mungu. Hatuoni mtu akijizuia kumeza dawa iliyovumbuliwa na mnywaji pombe, wala hatumsikii akiuliza mhandisi wa daraja alilipitia alilala wapi. Na kwa kuwa tumemtaja Turing na tulitaje na hili: sheria ile ya Kiingereza iliyomhukumu yeye ni ndugu wa sheria tuliyo nayo sisi katika kanuni ya jinai ya Kenya tangu mwaka 1930, ambayo Mahakama Kuu ya Nairobi iliiacha ibaki ilipotoa hukumu yake Mei 2019. Kuna watu miongoni mwetu waitetea sheria hiyo kama kwamba imenakiliwa katika Minhaj ya Imamu Nawawi. Haikutoka huko. Sharti za ushahidi zilizomo katika Minhaj hao waliotunga sheria hiyo hawakuzifikiria kabisa, na tutazieleza hapa chini inshallah.

Kadhalika huyo Binyavanga. Alipata tuzo ya Caine mwaka 2002, na mwaka uliofuata akaasisi pamoja na wenziwe jarida la Kwani?, waandishi vijana wa nchi hii wakapata pa kuandika. Aliandika makala mashuhuri ya kuwacheka Wazungu wanavyoiandika Afrika, na kila Mwafrika aliyeisoma aliifurahia. Alikufa Nairobi Mei 2019. Mwenye kutaka kusema juu yake na aseme kwa uadilifu, ayataje aliyoyafanya na ayakatae anayoyakataa. Na hisabu yake iko kwa Mola wake, si kwetu.

Lakini sisi twaona kuwa hizi orodha za sifa zina dosari nyingine ambayo wasomaji wetu huenda hawakuitambua, nayo ni dosari hata kwa kipimo cha hao wenye kuzitoa. Katika ile orodha ya kwanza ya jarida la Out, mwaka 2007, alitiwa katika nafasi ya pili mtangazaji wa televisheni Anderson Cooper, ilhali yeye mwenyewe hajapata kutamka hadharani neno lolote juu ya jambo hilo. Jalada la jarida lilionyesha watu wamejifunika nyuso kwa picha yake na picha ya mwigizaji Jodie Foster, kama barakoa. Cooper hakusema mwenyewe ila mwaka 2012. Na Tim Cook, mkuu wa kampuni ya Apple, alitajwa katika orodha kama hizo kabla hajaandika juu ya nafsi yake mnamo Oktoba 2014. Basi tazama: wanaojiita wapenzi wa watu hawa, wanaosema wawataka wawe huru, ndio waliowavua nguo sokoni kabla hawajataka kuvua! Mtu akifungiwa mlango wake, hapana mwenye haki ya kuubomoa, si kwa mawe wala kwa maua. Kuweka watu katika daraja, huyu wa kwanza na huyu wa thelathini, ni biashara ya magazeti, na magazeti huuza kilicho siri kwa bei ghali zaidi kuliko kilicho dhahiri.

Sasa tuje kwenye orodha ya namna ya pili, nayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Mnamo Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lililoitwa Rolling Stone (nalo si lile jarida la muziki la Marekani, jina tu waliliiba) lilichapisha picha na majina ya watu liliodai kuwa ni mashoga, na pahali wanapokaa wengine wao, na juu yake likaandika maneno ya kutaka wanyongwe. Watatu katika waliotajwa wakaenda mahakamani. Tarehe 3 Januari 2011 hakimu wa Mahakama Kuu ya Uganda akawapa haki, akalikataza gazeti kuendelea, akaamuru kila mmoja alipwe shilingi za Uganda 1,500,000. Mmoja wa hao watatu alikuwa mwalimu David Kato. Tarehe 26 Januari, siku 23 baada ya hukumu, aliuawa nyumbani kwake kwa kupigwa kichwani. Polisi walisema mauaji hayo hayahusiani na gazeti, na mtu mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 30. Na sisi hatumsingizii mhariri damu, kwani hayo ndiyo tunayoyakataza. Lakini twauliza: mtu aliyeandika katika ukurasa wa kwanza kwamba fulani anyongwe, na anwani yake akaitaja, alitaka msomaji afanye nini na anwani hiyo? Na somo halikupatikana, kwani Februari 2014, siku moja baada ya kutiwa saini ile sheria ya Uganda ambayo mahakama yao iliitangua mwezi wa Agosti, gazeti jingine la huko likatoa orodha yake nalo.

Wala tusiwanyooshee kidole Waganda. Mtwapa si Uganda. Februari 2010 ulizuka uvumi katika pwani yetu hii ya kwamba wanaume wawili wataoana Mtwapa. Uvumi ukaingia redioni, ukapanda mimbari, baadhi ya maimamu na wachungaji wa Kikristo wakakaa meza moja (ajabu ya siku ile! mambo ya kheri hayawakutanishi) wakatoa tamko la pamoja. Kesho yake watu wakakusanyika wakaenda kwenye zahanati ya KEMRI, pahali palipokuwa pakitibiwa wagonjwa wa ukimwi, wakawasaka watu, wakawapiga. Polisi wakawachukua wengine, na kwa baadhi yao kuchukuliwa huko ndiko kulikowaokoa. Na harusi? Hapakuwa na harusi. Hapakuonekana bwana wala bibi, wala pilau. Watu wa mji wenye swala tano walitoka wakaumiza viumbe kwa habari ambayo haikuwako.

Suratul Hujurat twaisoma sote, na wengi wetu twaihifadhi. Humo Mwenyezi Mungu amewaamrisha walioamini, atakapowajia mtu asiyeaminika na habari, waichunguze, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakabaki kujuta. Na kurasa hizohizo zina katazo la dhana mbaya, na katazo la kupeleleza, na katazo la kusengenya, ambako kumefananishwa na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Hapana lililobaki katika kisa cha Mtwapa ambalo halikutajwa katika sura ile moja fupi. Twauliza wale waliokuwa mimbarini: hamkuwa mmeisoma?

Tuje kwenye ushahidi tulioahidi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kumtuhumu mtu kwa tendo hili ni sawa na aliyemtuhumu kwa zinaa: alete mashahidi wanne walioona kwa macho yao tendo lenyewe, wala si dalili zake. Hawakusema mwendo wake, wala sauti yake, wala mavazi yake, wala rafiki anayetembea naye. Asipowaleta, Suratun Nur imetaja malipo yake: viboko 80, na ushahidi wake usikubaliwe. Na hili halikuwa maneno ya vitabuni tu. Katika zama za Sayyidna Umar (r.a.) walikuja mbele yake mashahidi dhidi ya Mughira bin Shu'ba, gavana wa Basra. Watatu wakashuhudia waziwazi, na mmoja wao ni Abu Bakra, sahaba wa Mtume, si mtu wa barabarani. Wa nne alipofika akasema aliyoyaona, lakini tendo lenyewe hakulithibitisha. Basi Umar aliwapiga wale watatu viboko 80 kila mmoja. Sahaba huyo alipigwa kwa kuwa watu walioona ni watatu na sheria yataka wanne! Sasa wewe uliyeletewa jina katika simu na mtu ambaye naye aliletewa na mtu, una shahidi wa ngapi?

Na hata pale penye hakika, njia ya Mtume (s.a.w.) si hii ya kupiga mbiu. Maiz alipokuja mwenyewe kukiri zinaa, Mtume alimgeuzia uso mara baada ya mara. Na yule Hazzal aliyemshauri aende kukiri, Mtume alimwambia kuwa lau angalimsitiri kwa nguo yake ingalikuwa bora kwake. Imamu Bukhari amepokea kisa cha mtu aliyekuwa akiletwa kwa ulevi mara nyingi akipigwa, na siku moja mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume akamkataza kumlaani, akashuhudia kuwa mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Dhambi yake haikukanushwa, na adhabu haikuondolewa, lakini mlango wa msikiti haukufungwa mbele yake. Piga mfano wa kijana wa mji wetu ambaye ana mtihani katika nafsi yake asioutaka wala asiouchagua, naye huswali, na hamna mtu ajuaye ila Mola wake. Ijumaa asikia kutoka mimbarini watu wa namna yake wanaitwa wanyama, na jamaa waitikia. Ijumaa ya pili hatamwona mtu msikitini. Tumuulize khatibu: umemtoa katika maasi au umemtoa katika swala?

Atasema msemaji: Hawa wa magazetini wamejitangaza wenyewe, na aliyejitangaza hana ghiba. Tutamjibu: Ni kweli wanavyuoni wamesema hivyo, na Mtume ametahadharisha juu ya mwenye kuidhihirisha dhambi ambayo Mwenyezi Mungu amemsitiria. Lakini Imamu Nawawi alipoitaja ruhusa hii katika Riyadhus Salihin aliifunga kwa sharti: atajwe kwa lile alilolidhihirisha, na lisilokuwa hilo ni haramu isipokuwa kwa sababu nyingine. Basi ruhusa hiyo haikupi kumzulia ugonjwa, wala kumtaja mamake, wala kumtupia jiwe, wala kumfukuza katika chumba alicholipia kodi. Na haikupi chochote kabisa juu ya yule ambaye jina lake limetiwa na mtu mwengine.

Atasema mwengine: Watoto wetu wataona sifa hizi na wataiga. Hofu hii twaifahamu, na baba asiyekuwa nayo si baba. Lakini dawa yake ni darasa, na mzazi kukaa na mwanawe akazungumza naye kabla simu haijazungumza naye. Mtoto anayemwona babake akisambaza picha ya jirani na kucheka hajafunzwa usafi, amefunzwa kashfa. Na katika Suratun Nur hiyohiyo wamekemewa wale wapendao uchafu uenee katika waumini. Wengi hudhani aya hiyo yawahusu wafanyao uchafu peke yao. Ilishuka katika kisa cha uzushi aliosingiziwa Mama wa Waumini Bibi Aisha (r.a.), na waliokemewa ni waliousema, wakaupokezana kwa ndimi zao, wakaudhani kuwa ni jambo dogo.

Atasema wa tatu: Basi mwatutaka tunyamaze, uovu usikatazwe. Hasha. Kukataza uovu kuna adabu zake, na wa kwanza wa kuzisahau ni sisi. Imamu Ghazali amenakili katika Ihya kisa cha Sayyidna Umar alipopanda ukuta wa nyumba usiku akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamwambia: Mimi nimeasi katika moja, nawe umeasi katika matatu, umepeleleza, na umeingia kwa nyuma ya nyumba, na hukutoa salamu. Umar, Amirul Muuminina, akamwacha na akatoka. Uovu unaokatazwa ni ule uliodhihiri bila ya kuchimbwa, na hukatazwa kwa kauli iliyo njema na mwenye kuijua hukumu, na penye mkono pana serikali na mahakama. Kundi la vijana wenye rungu si mahakama.

Limebaki suala la mwisho, nalo aliuliza mtu ambaye kwa insafu yake twamwombea kheri: Aliyekwisha sambaza orodha au picha, afanyeje? Jawabu ni kuwa dhambi hii ina haki mbili. Iliyo ya Mwenyezi Mungu ni kujuta, na kuacha, na kuazimia kutorudia. Iliyo ya mja haiondoki kwa tasbihi. Ikiwa aliyesemwa imemfikia, yafaa amwendee amtake radhi, na ikiwa hakufikiwa, amwombee maghufira asimfikishie maumivu mapya. Na aliyetuhumu, wanavyuoni wetu wa Kishafi wamesema toba yake ni kutamka, aseme kuwa tuhuma yake ni batili na kuwa amejuta wala harudii. Kwa hiyo aliyepeleka katika kundi la watu 200 arudi katika kundi lilelile, mbele ya watu walewale, aandike kwa jina lake kuwa alilolipeleka ni batili. Mtu huyo alitwambia kuwa kundi hilo limekwisha vunjwa, na waliokuwamo wengine hawajui waliko, na kila mmoja huenda alipeleka mbele kwa watu wake. Tukamwambia aanze na wale awajuao majina, na awaulize kila mmoja aliwapelekea kina nani.